Mtu Mwamkie, Hoja Ipime

Nyinyi mnaokuja kukaa kwenye kiti changu pale maktaba, kabla hamjakaa kagueni mguu wa nyuma, ule wa kushoto. Umeungwa kwa kamba ya nailoni ya jarife, ule wavu wa kuvulia papa, na fundi aliyeuunga ni mimi, kwa hiyo mkianguka msimtafute mtu mwingine wa kumlaumu. Mimi nimestaafu juzi tu. Mwalimu Zuhura kaniambia niandike mambo ya kazi ili vijana msianze na sifuri. Nikamwambia mimi nilianza na sifuri nikaishia hapo hapo, na sikuona hasara. Akasema hiyo si hoja. Basi naandika.

Jina langu Shomari, mzaliwa wa Baleni, kwenye minazi na mihogo. Shule nilisoma mpaka kidato cha pili, nikakianza cha tatu, lakini cha tatu chenyewe hakikunianza mimi. Watu wanasema niliacha shule. Si kweli. Tuliachana kwa maelewano, na mpaka leo hatugombani.

Niliajiriwa mpiga chapa wa shule yetu ya sekondari kwa sababu moja: siku ya usaili utepe wa taipureta ulichomoka, na katika wote tuliokuja, mimi peke yangu niliurudisha bila kutukana. Habari za vyeo na mshahara sitawasumbua nazo. Cheo kilikuwa kimoja, na mshahara ulikuwa mtu wa aibu, akija haonekani.

Siku yangu ya kwanza nilipewa mtihani wa Kiswahili niupige chapa. Mwalimu mmoja alikuwa kaandika maswali juu, na chini kajiandikia majibu ya kusahihishia. Mimi nani nikate maneno ya mwalimu? Nikapiga yote. Nikadurufu yote, wino mpaka kwenye nyusi. Wanafunzi walitoka chumba cha mtihani wana furaha kama watu wa harusini. Matokeo yalipotoka, mkuu wa shule akasimama mbele ya gwaride akatangaza kwamba kiwango cha Kiswahili kimepanda, na kwamba hayo ni matunda ya uongozi bora. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Aliyekuwa hapigi ni Bi Mwanakombo, mwalimu wa Kiswahili wa vidato vya juu. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi, kikapu chake cha ukili kimejaa madaftari siku zote, utadhani anakwenda nayo sokoni. Alinijia ofisini taratibu, akakaa.

"Shomari, mkuu anasema watoto wamefaulu kwa sababu ya uongozi. Hakuna sababu nyingine inayoweza kuleta matokeo hayo hayo?"

Nikamwambia labda samaki; watoto wa kisiwa wanakula samaki, akili inachangamka. Akauchomoa mtihani kwenye kikapu, akauweka mbele yangu, kidole juu ya majibu. Aliniacha niusome mwenyewe, mstari kwa mstari, kazi ya mikono yangu.

Hilo ndilo somo langu la kwanza la kupima hoja, na nyinyi mlichukue bure. Mtu akikupa jambo na sababu yake, usiimeze ile sababu kwa kuwa imetangulia. Uliza kama ipo nyingine inayofaa vile vile. Mara nyingi ipo, na mara nyingine imevaa shati lako.

Baada ya hapo Bi Mwanakombo akasema mtu kama mimi ni hatari kuachwa peke yake. Akaniombea niwe natunza na maktaba, chumba cha pembeni ambako yeye alikuwa anasahihishia insha. Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya hoja, kwa kuwekwa chini ya ulinzi.

Sasa niwaeleze ugonjwa tuliokuwa nao. Mtoto anapewa swali: bodaboda zimeleta faida kuliko hasara hapa kisiwani, tathmini hoja za pande mbili. Anaandika vizuri kabisa, mwandiko umelala kama mkeka. Anasema wapo wasemao zimerahisisha safari za wagonjwa. Hoja hii ni nzuri. Wapo wasemao zimeharibu vijana wa Ndagoni. Hoja hii nayo ni nzuri sana. Wapo wasemao zina kelele. Hoja hii imezidi uzuri. Halafu anafunga: wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye. Daftari la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo. Hoja zinapangwa foleni, kila moja inapewa mkono, hakuna iliyokwenda na maji.

Walimu wengine walisema watoto wavivu. Bi Mwanakombo alikataa. Alisema watoto hawa wana adabu, basi. Nyumbani kwetu mtu mzima akishasema, umesikia. Ukimuuliza kajuaje, umemvunjia heshima, na kofi litakujibu. Kwa hiyo mtoto akikutana na hoja kwenye karatasi anafanya alichofundishwa: anaipigia magoti. Hajui ni ya nani, lakini huenda ni ya mjomba wake.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa mihuri. Aliniambia nichonge miwili, mmoja uandike KWA NINI? na mwingine KWA HIYO? Ya kuagiza mjini tungeingoja mpaka Kiyama, kwa hiyo nikatafuta kandambili nene ya zamani nikaichonga kwa wembe. Ule wa kwanza ulipogongwa ulisomeka kwa kioo tu. Nikachonga tena. Hiyo mihuri bado imo kwenye droo, ndani ya kopo la maziwa. Ikikauka ipakeni mafuta kidogo ya nazi, msizidishe, karatasi itanuka wali.

Matumizi yake ni haya. Mtoto akiandika "bodaboda zimeharibu vijana," unagonga KWA NINI? Maana yake alete ushahidi: umeona, umesikia, au umeota? Akirudi na kusema binamu yangu aliacha shule akanunua bodaboda, huo ni ushahidi, ila ni wa binamu mmoja. Labda aliacha shule kwanza, bodaboda ikamkuta njiani. Mimi mwenyewe niliachana na shule bodaboda hazijafika kisiwani, sasa nimshtaki nani?

Ule wa KWA HIYO? ni mkali zaidi. Huo unagongwa pale ambapo sababu ni ya kweli kabisa lakini haifiki inakopelekwa. Bodaboda zina kelele. Kweli. Kwa hiyo? Kwa hiyo zifungwe bomba, au kwa hiyo zitupwe baharini? Sababu ni kama ngalawa: inaweza kuwa nzima, haivuji, na bado isifike kisiwa cha Shungimbili kwa kuwa haikuelekezwa huko. Mwenye kutathmini anatazama vyote, chombo na safari. Halafu mwisho anasema wazi: hii ina nguvu, hii imepungua, imepungua hapa, na mimi nasimama pale kwa sababu hii. Asijifiche nyuma ya Mwenyezi Mungu. Mungu anajua, lakini hakukaa kwenye huo mtihani.

Mihuri ilinipanda kichwani. Siku moja mkuu wa shule alileta tangazo nilipige chapa, wafanyakazi wote wafike mapema zaidi kuanzia kesho. Mkono wenyewe tu, kwa mazoea, ukagonga KWA NINI? Likabandikwa hivyo ubaoni. Mkuu akaniita, akanitazama sana, halafu akachukua kalamu akaandika sababu chini yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangazo la shule yetu kuwa na sababu. Watu walifika mapema siku mbili nzima kwa mshangao. Tangu hapo matangazo yake alikwenda kupigiwa chapa Kilindoni mjini.

Sasa naja kwenye kesi ngumu, ile ambayo nusura tukose hata hicho kiti kibovu.

Mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwa Mzee Nasoro, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Ukoo wa biashara tangu babu zao walipotoka Omani, minazi yao Baleni huimalizi kwa kutembea. Mtu mkarimu. Nusu ya kisiwa kafuturu kwake, nusu nyingine kasaidiwa kuzika. Siku ya mkutano wa wazazi akasimama akasema anataka chumba cha maktaba kiwe chumba cha wageni wa heshima. Wakubwa wanakuja kisiwani kutazama papa potwe, wanapitia shuleni, wanakalishwa kwenye madawati, na mmoja alichaniwa suruali na msumari. Makochi ameshayanunua, yako gatini. Akatoa sababu zake: vitabu vyenyewe vimechakaa, wageni wanatuona ovyo, watoto siku hizi wana simu, na marehemu baba yake hakufungua kitabu maisha yake na alijenga nyumba ya mawe.

Mkuu wa shule akasema hoja ya mzee ni nzuri. Mwalimu wa taaluma akasema ni nzuri sana. Mwakilishi wa wazazi akasema imezidi uzuri. Mimi nimekaa nyuma nasikia insha ile ile ya kidato cha tatu, tofauti ni kwamba hii imevaa koti. Ikabaki kupitishwa tu mkutano unaofuata.

Chumba kile kilikuwa na wenyewe. Mmoja ni huyu Zuhura, wakati huo yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa unamkodolea macho. Mama yake analima mwani Ndagoni. Huku karibu na shule alikaa kwa mama yake mdogo, muuza vitumbua, chumba kimoja, watoto, ndoo na karai. Daftari hana pa kuliweka ila juu ya gunia la unga. Alikuwa anasoma maktaba mpaka nimfungie mlango. Chumba kikienda, kusoma kwake kumekwenda, na alikuwa anajua.

Mimi nikaamua kukitetea. Nikakaa na taipureta nikatoa waraka wa moto. Kwanza, Mzee Nasoro mwenyewe hasomi. Pili, hana mtoto shuleni hapa. Tatu, makochi huleta kunguni. Nne, mimi nimekitumikia chumba hiki kwa uaminifu. Nikampelekea Bi Mwanakombo anisifu. Aliutoa muhuri akagonga KWA HIYO? chini ya kila sababu, akagonga na pembeni, karatasi ikawa kama kanga, ina pindo na mji. Akaniambia nimempiga mzee mawe kwenye sababu mbili, ya tatu nimeibuni, na ya nne nimejililia mwenyewe. Chumba sijakigusa.

Halafu akafanya jambo nililoliona la kichaa. Akachukua sababu za mzee na zangu, akazitoa kama swali la insha darasani: tathmini hoja za pande mbili. Insha bora itasomwa kwenye mkutano.

Kesho yake Zuhura alikuja maktaba na karatasi tupu. Bi Mwanakombo anasahihisha, mimi najifanya napanga vitabu.

"Mwalimu, mimi siwezi. Nitampimaje babu Nasoro? Babu yangu alipofariki, sanda ilitoka kwake."

"Nani kakutuma umpime yeye?"

"Si swali linasema hivyo."

"Swali linasema hoja. Babu mwamkie, tena kwa magoti ukitaka. Hoja haina mvi, haikumzaa mtu, wala haikutoa sanda. Hiyo ipime."

"Na akikasirika?"

Bi Mwanakombo akavua miwani. Alimwambia kuna njia ya kumpima mtu hoja asikasirike, nayo ni kuieleza vizuri kuliko alivyoieleza yeye. Mwenye hoja akitikisa kichwa kwamba ndivyo hasa, hapo umepewa ruhusa. Kabla ya hapo unapigana na kivuli ulichokichora mwenyewe. Zuhura akakaa kwenye hicho kiti changu, akaandika mpaka nikamfungia mlango. Akaniomba nifungue tena, kasahau kalamu. Nilipofungua, akafuta kwanza mstari mmoja, ndipo akatoka nayo.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Zuhura alisimama na karatasi yake, akamgeukia Mzee Nasoro, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Walikuwa wameshaamkiana mlangoni. Hii ilikuwa mara ya pili, na watu wakatazamana.

Akaanza kwa kumsemea mzee. Alisema shule isiyoweza kumkalisha mgeni inawafundisha watoto kwamba mgeni si kitu, na kisiwa hiki hakikulelewa hivyo. Alilisema vizuri mpaka mzee akatikisa kichwa: ndivyo hasa. Hapo mtoto akaanza kupima. Vitabu vimechakaa, kweli, ipo ramani mle ndani ina nchi ambazo zimeshakufa. Sababu hii ina nguvu kuliko zote. Lakini inadai vitabu vipya, haidai makochi. Ugonjwa ni wa vitabu na dawa kimepewa chumba. Wageni kuaibika, kweli, lakini wageni huja msimu wa potwe na watoto huja kila siku, kwa hiyo sababu hii inadai viti vizuri, haijafika kudai chumba kizima. Simu: aliwauliza wenzake darasani, wengi simu ni ya mama, na jioni mama yuko nayo. Hiyo imepungua.

Akafika kwa marehemu baba yake mzee. Watu wakasogea mbele kwenye mabenchi.

"Marehemu alijenga bila kusoma, ni kweli, na tunamheshimu. Lakini babu mwenyewe alitusimulia siku ya mahafali kwamba marehemu alikuwa na karani wa kumsomea barua za mali kila asubuhi. Kwa hiyo kitabu kilikuwepo nyumbani. Kilikuwa kinatembea."

Mtu mmoja alicheka akajizuia. Mabega ya Mzee Nasoro yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika fimbo. Ukumbi mzima ukapewa ruhusa.

Nikafurahi, nikajiweka sawa kwenye benchi. Zamu yangu ikaja. Zuhura akanigeukia, "Shikamoo, babu Shomari," nikaitikia kwa madaha. Akasema sababu mbili za upande wangu zinamhusu mtu, hazikihusu chumba, kwa hiyo hazihesabiki. Ya kunguni haina ushahidi. Na ya utumishi wangu wa uaminifu inaonyesha kwamba babu Shomari amechoka, haionyeshi kwamba maktaba ibaki. Hapo walicheka zaidi kuliko walivyomcheka mzee. Mama mmoja alilala kabisa kwenye bega la mwenzake.

Akahitimisha wazi: maktaba ibaki, kwa sababu aliyotoa babu Nasoro mwenyewe. Anayeona vitabu vimechakaa ameshakubali kwamba vitabu ni kitu.

Mzee Nasoro akamwita karibu.

"Mwanangu, hapa mimi nimeshinda au nimeshindwa?"

"Hoja yako moja imeshinda, babu."

"Ipi?"

"Ya vitabu."

Mzee akaugeukia mkutano, akasema kwamba hiyo ndiyo aliyokuwa anaitaka tangu mwanzo. Mkuu wa shule akasema hoja ya mzee ni nzuri. Mwalimu wa taaluma akasema ni nzuri sana. Mwakilishi wa wazazi mnamjua.

Vitabu vikaja kwa boti, vingine vya maana, vingine vya ufugaji wa kondoo wa nchi za baridi. Makochi hayakuwa na pa kwenda, yakawekwa maktaba, ndiyo yale mnayoyaona. Kunguni hawajatokea mpaka leo. Bado nawangoja.

Tangu siku ile shuleni kwetu pakaingia desturi ambayo sijaiona kwingine. Mtoto akikuamkia mara moja, ni salamu. Akikuamkia mara ya pili mkiwa kwenye maongezi, jua hoja yako inakwenda kwenye mizani. Walimu wageni hawajui, wanaitikia marahaba kwa furaha. Na adabu haikupungua hata kidogo. Nadhani iliongezeka, shikamoo zimekuwa nyingi.

Siku hizi insha zinatoka kwenye simu. Mtoto analeta hoja saba zilizopigwa pasi, ukimuuliza ipi dhaifu anakutazama kama umemuuliza ipi ina mimba. Msigombe nao. Gongeni muhuri. KWA NINI? haijali insha imeandikwa na mtoto, simu au waziri. Bi Mwanakombo yuko Tanga kwa mwanawe, mzima, hunitumia sauti kwenye simu. Nilipomwambia nastaafu alijibu kwa neno la ule muhuri mkali, na mnalijua.

Zuhura alifaulu, akasoma ualimu, akarudi hapa hapa. Maktaba sasa iko chini yake. Siku ya kuniaga watu walihutubia. Walisema nilikuwa mchapakazi, jambo ambalo muhuri wowote ungelikamata. Nikaendelea na pilau yangu.

Baada ya shughuli Zuhura akanikuta mlangoni, akaniomba ufunguo wa maktaba. Nikamwambia nadhani ni bora nibaki nao. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kitasa kile kina ukorofi, mimi peke yangu nakijua. Akasema fundi kaweka kipya wiki iliyopita. Nikasema mgeni anaweza kuja ghafla. Akasema atakuwepo. Nikatazama chini. Ufunguo ulikuwa mfukoni, umetoboa suruali zangu zote mahali pamoja kwa miaka yote hiyo.

"Basi nimeuzoea tu," nikasema.

Tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi, tena vizuri, na habari za nyumbani tumeulizana. Akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya kwa Mzee Nasoro.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," nikasema, na ufunguo nikautoa mwenyewe.